Taa za tangi la matumbawe Nairobi: LED, tyubu za T5 au metali-halaidi?

Mpwa wangu amepata kazi Nairobi, mkataba wa miaka miwili, na kabla hata hajanunua godoro amenitumia picha ya tangi tupu la sentimita 90 aliloachiwa kwa bei poa na jirani anayehama. Chini ya picha kaandika: "Shikamoo mjomba. Taa gani?" Swali ni fupi, lakini jibu lake nimelitafuta kwa miaka mitatu na kwa fedha zisizo kidogo katika nyumba ya kupanga huku South B. Nimeona niliandike lote, limfae yeye na mwingine yeyote anayeishi mbali na kwao na bado anataka kipande cha bahari sebuleni.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikisikia baruti za wavuvi zikilipuka baharini alfajiri, na mwamba wa matumbawe ambao marehemu baba alikuwa akiusifu niliuona mwenyewe ukiwa umebaki kifusi. Ndiyo maana jambo hili silioni kuwa pambo la nyumba. Tumbawe ni mnyama: anakula, anakua, anaugua, anakufa. Ukimweka ndani ya kioo, jua lake ni lile utakalomwashia wewe.

Kuna aina tatu za kulinganisha: T5, yaani tyubu nyembamba za fluoresenti; metali-halaidi, balbu moja kali; na LED, taa za diodi. Dirisha, yaani jua lenyewe, nitaligusa kidogo kwa sababu kila mgeni wa Nairobi huniuliza. Katika kuzipima ninatanguliza swali moja ambalo wauzaji hawalijibu: sehemu gani ya taa hii itakufa kwanza, na siku hiyo ikifika nitaipata hapa mjini? Mwenyeji mwenye ndugu na jamaa wa kumsafirishia vitu anaweza kulipuuza. Sisi tuliokuja kwa kibali cha kazi na masanduku mawili hatuwezi.

Kwanza mnyama, taa baadaye

Ndani ya nyama ya tumbawe umo mwani mdogo mno, usioonekana kwa jicho, unaotengeneza sukari kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Tumbawe la kina kifupi linaweza kupata hadi asilimia 90 ya nguvu zake kwa njia hiyo. Mwanga ukiwa haba, linadhoofika polepole, kwa wiki na miezi. Ukizidi ghafla, mwani ule unaelemewa, unatoa aina za oksijeni zinazouchoma mwili wa tumbawe, nalo linautema. Hapo linapauka, likawa jeupe kama chokaa. Mwaka 1998 miamba mingi ya Bahari ya Hindi ya magharibi ilipauka hivyo, ingawa kule kilichoanzisha ni joto la maji.

Mwanga unaoufaa mwani hupimwa kwa PAR, yaani chembe za mwanga zilizo kati ya nanomita 400 na 700, zikihesabiwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri katika ikweta hufika karibu 2,000 juu ya maji. Tangi halihitaji hata robo yake. Matumbawe laini, kama Sarcophyton, Xenia, zoanthu na yale ya umbo la uyoga, wengi wetu huyaweka kwenye 50 hadi 150. Magumu yenye polipi kubwa (polipi ni kijinyama kimoja kimoja kinachounda tumbawe), kama Euphyllia, huridhika na 80 hadi 150. Magumu yenye polipi ndogo, Acropora na jamaa zake, hutaka 200 hadi 350, na hutaka pia maji yasiyoyumba kwa chumvi wala kwa madini. Mtu anayeanza, tena katika nyumba ambayo maji ya bomba huja kwa zamu, aanze na laini. Hilo peke yake linabadilisha orodha ya taa za kutazama.

Rangi nayo ina hesabu yake. Bahari hula mwanga mwekundu kwanza. Ukizama mita chache tu, kilichobaki zaidi ni buluu, na mwani wa tumbawe umezoea kuishi kwa buluu hiyo. Taa zetu kwa hiyo huegemea nanomita 420 hadi 470. Buluu ya karibu 450 ndiyo pia inayoziamsha zile rangi za kijani na machungwa zinazowaka usiku utadhani tumbawe lina betri ndani.

Hapa pana mtego, nami niliukanyaga. Nilipima taa yangu ya kwanza kwa programu ya luksi ya simu. Luksi imetengenezwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani kuliko rangi zote, kwa hiyo buluu kali ikasomeka hafifu. Nikapandisha taa hadi asilimia 90. Sarcophyton wangu, mpana kama kisahani cha kikombe, alijikunja jioni ile ile. Siku ya nne alikuwa ametoka kwenye kahawia ya chai hadi rangi ya uji wa muhogo. Nilimteremsha hadi mchangani, nikashusha taa hadi 30, na ilichukua wiki saba mpaka vidole vyake vikatoka tena vyote. Kipimo cha kweli, kama Apogee MQ-510 chenye kitambuzi cha kuzamishwa majini, ni ghali kwa mtu mmoja. Tulichanga watu watano. Sasa kinazunguka kati ya Pangani ya hapa Nairobi, Langata na South B kwa bodaboda, ndani ya mkebe wa biskuti uliofungwa kwa taulo.

Tyubu za T5

Rafiki yangu wa Pangani ana tyubu nne za wati 39, kila moja na kiakisi chake cha alumini kilichokunjwa mgongoni. Kama unataka kuona matumbawe yanavyopenda mwanga uliosambaa, nenda nyumbani kwake. Mwanga wa T5 hutoka kwa urefu wote wa tangi, kwa hiyo tumbawe halina upande wa giza. Zoanthu zake zimefunguka mbele, nyuma, hata chini ya ubavu wa jiwe ambapo kwangu hakuoti kitu. Hana haja ya programu wala ya kubahatisha: huchagua mchanganyiko wa tyubu za buluu na nyeupe, anafunga, anaweka saa ya soketi, basi. Na T5 ni ngumu kumchoma mnyama nayo, kwa sababu hakuna doa kali katikati.

Kinachokufa kwanza ni tyubu. Hata kabla haijazimika hupoteza nguvu na rangi yake, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miezi 9 hadi 12. Ncha zikianza kuwa nyeusi kama zimepitishwa kwenye moshi, umechelewa. Sasa tafuta tyubu ya buluu ya matumbawe ya wati 39 Nairobi. Mwenzangu huagiza nje sita kwa mpigo, na mara ya mwisho mbili zilifika vipande vipande: kioo chembamba cha milimita 16, urefu wa sentimita 85, kimepita mikono mingi mno.

Kuna kosa moja ambalo mgeni hulifanya kwenye maduka ya umeme ya Mtaa wa Luthuli, kwa nia njema kabisa. Anaingia dukani na tyubu yake iliyokufa, muuzaji anaipima kwa urefu, anampa nyingine inayoingia sawasawa. Urefu ni ule ule, pini ni zile zile. Lakini tyubu ya kawaida ya ofisini ya urefu huo ni ya wati 21, imetengenezwa kwa miliampea 170, wakati balasti ya wati 39, kifaa kinachoilisha tyubu umeme, husukuma 340. Itawaka vizuri, kisha itajichoma mapema. Na hata ingedumu, ni nyeupe ya ofisini, isiyo na buluu ya kutosha.

Zaidi ya hayo, mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya tyubu za fluoresenti za taa za kawaida ifikapo 2027. Tyubu za matumbawe ni za matumizi maalumu, lakini viwanda vikifungwa kwa zile za kawaida, sitarajii za kwetu kuwa rahisi kupatikana. Ikivunjika, fungua madirisha, toka chumbani robo saa, kisha okota kwa karatasi ngumu, usifagie. Zebaki iliyo ndani ya tyubu ni sumu kwako na kwa tangi.

Ninaipenda T5, nakiri. Simshauri mpwa wangu ainunue.

Metali-halaidi

Nimeiona moja tu ikifanya kazi hapa mjini, kwa mzee mmoja wa Parklands mwenye tangi kubwa kuliko kitanda changu. Balbu ya wati 250, kelvini 14,000, yaani nyeupe inayoegemea buluu. Nilikaa mbele yake nikashindwa kuondoka. Mwanga unatoka nuktani, unavunjwa na mawimbi ya juu, kisha unatambaa mchangani kwa mistari inayofumana na kuachana, vile vile unavyoona ukiinama ubavuni mwa ngalawa maji yakiwa ya magoti na jua liko utosini. T5 haitoi mchezo huo. LED inautoa, ila mara nyingine wenye rangi zilizotengana, nyekundu huku, buluu kule.

Kwa joto, Nairobi inaihurumia halaidi kuliko Tanga ingeweza. Balbu hii hupasha maji. Pwani ungelazimika kununua mashine ya kupoza. Hapa, Julai usiku ukishuka kuelekea nyuzi 11, joto lake ni msaada, na hita ya mzee yule hupumzika mchana kutwa. Hili ni jambo la kweli la kuiunga mkono, na nililisikia kwake.

Lakini umeme wetu unayumba. Halaidi ikikatikiwa hata sekunde mbili haiwaki tena mpaka ipoe, dakika 10 hadi 15, ndipo ijaribu upya. Siku ya mvua kubwa huwaka na kuzimika mara nne, tano, na kila kuwashwa kunakula umri wa balbu. Balbu yenyewe hubadilishwa karibu kila mwaka. Balasti na kianzio utavipata, kwa sababu taa za aina hii zimetumika sana madukani na viwanjani. Balbu ya buluu ya kelvini 14,000 utaiagiza nje. Na ile isiyo na ganda la kioo la pili isiwashwe kamwe bila kioo cha kinga: inatoa miali ya urujuanimno inayounguza matumbawe na macho ya watoto wanaochungulia.

LED, na hapa nitakaa zaidi

Bila diodi ya buluu tusingekuwa na mazungumzo haya. Wanasayansi watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua ile yenye ufanisi, na kwetu sisi buluu ndiyo chakula chenyewe cha mnyama.

Sokoni LED ziko za namna mbili. Kuna zile za akili, kama AI Prime au Kessil A360X au ReefLED, kichwa kidogo kinachoning'inia juu ya maji, unakiongoza kwa simu au kwa kitufe, kinaanza na mapambazuko na kumalizia na mbalamwezi. Na kuna sanduku jeusi la Kichina, bapa, lenye diodi 55 za wati 3 kila moja, vifundo viwili tu: cheupe na cha buluu. Juu ya boksi huandikwa wati 165. Langu nilipolipima kwa mita ya soketi, likiwa wazi kabisa, halikufika 120. Si ubovu, ndivyo diodi hizi zinavyoendeshwa, lakini ujue unachonunua.

Za akili ni bora kwa mwanga. Zimechanganya urujuani, buluu na nyeupe kwa uangalifu, lenzi zake husambaza vizuri, na unaweza kuanza na asilimia 25 kisha kuongeza kidogo kidogo kwa wiki sita, jambo ambalo kila tumbawe jipya linalihitaji. Sanduku jeusi lina nguvu kupita kiasi katikati na giza pembeni. Katika tangi la sentimita 90 nilipima 310 chini ya kitovu na 60 kwenye kona, kina kile kile. Ukiweka matumbawe kwa kufuata uzuri tu, moja litaungua na jingine litakonda.

Sasa lile swali langu. Katika taa ya akili, kinachokufa kwanza kwa kawaida ni adapta au feni. Nimelijua hili Agosti 2023. Usiku wa tarehe 25 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege, na iliporudi mtaani kwetu ilirudi kwa kishindo. Friji ilipona kwa sababu ya kile kisanduku cha kulinda kilichopo ukutani. Taa nilikuwa nimeichomeka soketi ya upande wa pili. Adapta ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza.

Niliibeba hadi Luthuli kesho yake. Fundi kijana, meza yake upana wa sinia, akaigeuza, akasoma kibandiko: ndani volti 100 hadi 240, nje volti 24. Akaniuliza kama ni taa ya vifaranga. Nikamwonyesha picha kwenye simu, akaita wenzake wawili waje kuona. Akatafuta adapta ya volti zile zile na ampea zilizozidi kidogo, akakata waya wa kichwa cha zamani na kuunga kwenye mpya, akapaka lehemu, akaivika mpira wa kusinyaa kwa moto wa kiberiti. Saa moja na nusu. Taa ile bado inafanya kazi. Kanuni yenyewe mpwa wangu aikariri: volti ziwe sawa kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, na chanya isibadilishane nafasi na hasi.

Feni pia zipo, ni zile za kompyuta. Kisichopatikana ni ubao wa ndani wenye akili. Huo ukifa, kichwa kimekwisha. Sanduku jeusi halina ubao wa namna hiyo. Lina draiva mbili za chuma zinazolisha diodi umeme, feni mbili na diodi zilizolehemiwa moja moja, na fundi yeyote mwenye pasi ya lehemu anaweza kulifufua. Nimebadilisha diodi tatu mwenyewe.

Adui wa LED zote ni chumvi. Mapovu yanapasuka juu ya maji, ukungu unapanda, feni inauvuta ndani. Baada ya miezi miwili utaona lenzi imevaa utando kama wa kioo cha dirisha la jikoni. Kila Jumapili naifuta kwa kitambaa laini chenye maji safi, taa ikiwa imechomolewa, na kila mara nashangaa buluu inavyorudi. Weka kifuniko cha kioo chembamba au wavu, na uiinue taa sentimita 20 hadi 25 kutoka majini.

Kuinua nako ni suala la mpangaji. Mwenye nyumba wangu hataki dari itobolewe, na ana haki. Nilikwenda Kamukunji nikakunjiwa stendi ya bomba la chuma, nzuri, imara, rangi nyeusi. Nilikosea kuchagua chuma: mwezi wa nane kutu ilianza kushuka kwenye kiungo, tone moja likabakiza mchirizi wa kahawia pembeni ya kioo. Nikaitoa siku ile ile. Ya sasa ni alumini, imebanwa kwenye kabati, na inafunguka kwa skrubu nne.

Dirisha

Jua la Nairobi ni kali na siku ni za saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo wazo si la kijinga. Tatizo ni kwamba jua halikai mahali pamoja. Tuko kusini kidogo ya ikweta: katikati ya mwaka jua la mchana hupita kaskazini, Desemba hupita kusini, na dirisha lililokuwa na mwanga Julai linakuwa na kivuli sikukuu zikifika. Dirisha la mashariki au magharibi lina jua kila siku, lakini la ubavuni, linaloota mwani kwenye kioo chote na kupandisha joto alasiri. Liache dirisha liwe la maua.

Umeme, kwa shilingi

Bei ya uniti hupanda kadiri matumizi ya mwezi yanavyozidi, kwa hiyo hapa nimechukua shilingi 30 kwa uniti ili tu hesabu ilingane. Tangi ni lile la sentimita 90.

| Taa | Inavuta | Saa kwa siku | Uniti kwa mwezi | Shilingi |
|---|---|---|---|---|
| LED ya wati 100, ikiwa asilimia 70 | wati 70 | 10 | 21 | 630 |
| T5 nne za wati 39, na balasti | wati 165 | 10 | 49.5 | 1,485 |
| Halaidi ya wati 250, na balasti | wati 280 | 8 | 67.2 | 2,016 |

Kwa halaidi wengi huongeza tyubu mbili za buluu za asubuhi na jioni, ambazo ni kama uniti 25 zaidi. LED nayo ina deni lake: joto lake hupanda juu kwenye hewa, haliingii majini, kwa hiyo Julai hita itakula tokeni ambazo taa imeokoa. Si zote, lakini usishangae.

Taa yangu huwaka saa sita mchana hadi saa nne usiku, ili nikirudi kazini nikute wako macho. Jambo la kuangalia ni kinachofuata baada ya kuzima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko la Tanga. Maji nayo hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi hicho. Mchana mwani huitengeneza. Usiku kila kiumbe huivuta na hakuna anayeirudisha. Elekeza pampu ipasue uso wa maji, na kama una chumba cha kuchujia chini ya kabati, otesha mwani humo chini ya taa ndogo ya wati 10 inayowaka usiku. Umeme ukikatika, betri yako ihudumie pampu, kisha hita ukiweza. Taa ingoje. Matumbawe huvumilia giza la siku mbili tatu. Baharini mawingu na matope ya masika huyafunika zaidi ya hapo.

Vifaa vya kuletewa na jamaa kutoka Marekani viangalie mara mbili. LED yenye adapta ya volti 100 hadi 240 itafanya kazi kokote, badilisha plagi tu iwe ya pini tatu nene. Balasti ya T5 au halaidi ya volti 120 itakufa siku ya kwanza kwenye 240 za hapa. Na usisahau kwamba mzigo wa posta una ushuru na VAT ya asilimia 16 juu yake. Tyubu za bei nafuu huacha kuwa nafuu pale.

Ningechukua ipi

Kwa mpwa wangu: LED ya akili ya wati 50 hadi 60, vichwa viwili, kila kimoja na adapta yake ya nje. Viwili, ili kimoja kikifa kisiliache tangi gizani na ili kona zisiwe na njaa. Zote zichomekwe kwenye soketi yenye kilinda umeme. Fedha zikiwa hazitoshi, sanduku jeusi moja, liinuliwe sentimita 30, buluu asilimia 40, nyeupe asilimia 10, na uyoga na zoanthu vikae pembeni huku Sarcophyton akikaa karibu na kitovu, chini. T5 ningempa mtu aliyejenga kwake na mwenye njia ya uhakika ya kuagiza. Halaidi ningemwachia mzee wa Parklands.

Matumbawe yenyewe anunue vipande vilivyokuzwa ndani ya matangi, kwa mtu anayeweza kumwonyesha tumbawe mama lililokatwa vipande hivyo, likiwa hai. Asithubutu kuokota kwenye hifadhi za bahari za Watamu wala Kisite, wala kule kwetu. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hayavuki mpaka bila kibali.

Hilo linanigusa mwenyewe, kwa sababu mkataba wangu unaisha Machi. Nimekwishapanga: stendi inafunguka, vichwa viwili na adapta zake vinaingia kwenye begi la nguo, katikati ya mashati, nipande basi la Mombasa kisha Lunga Lunga, Horohoro, nyumbani. Sarcophyton anakwenda Pangani kwa rafiki yangu, chini ya T5. Nimeanza kushusha taa yangu asilimia tano kila wiki na kuisogeza, imwangukie kwa kutawanyika, ili asishtuke atakapofika kule.